Kompyuta Imekufa, Diski Pacha Zimebaki

Seva ya ofisi ikigoma kuwaka asubuhi, kila aliye karibu huuliza swali moja: itarudi saa ngapi? Swali hilo ndilo linaloharibu data. Mhasibu amesimama mlangoni, wateja wako foleni, bosi anapiga simu kila baada ya dakika tano, na anayeitunza mashine anasukumwa aiwashe tena, achomeke flashi ya kusakinisha mfumo upya, abonyeze chochote kinachodai kutengeneza. Swali linalostahili kuulizwa kwanza ni hili: data iko wapi sasa hivi, na ni nini kinachoweza kuandika juu yake? Kama seva hiyo ilikuwa na diski mbili zilizowekwa pacha, mara nyingi data ipo, tena ipo mara mbili. Kitakachofanyika katika saa mbili tatu zinazofuata ndicho kitakachoamua kama itabaki.

Nawaandikia wanaotunza kompyuta za shule, zahanati, SACCOS, maduka ya dawa na ofisi ndogo ambako hakuna kitengo cha teknolojia, na kazi hii imeangukia mtu mwenye kazi nyingine kumi. Nitakaa zaidi kwenye seva za Linux ambazo pacha zake zimeundwa kwa programu ya mdadm, kwa kuwa huko ndiko ambako mtu wa kawaida mwenye subira anaweza kujiokoa bila kununua programu yoyote. Windows nitaigusa baadaye.

Mpangilio wenyewe una umri mkubwa. Mwaka 1988, David Patterson, Garth Gibson na Randy Katz wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walichapisha andiko lililoeleza jinsi diski nyingi za bei nafuu zinavyoweza kufanya kazi kama diski moja, nalo ndilo lililotupa jina RAID. Ngazi ya kwanza katika mpango wao, RAID 1, ndiyo hii ya pacha: kila kinachoandikwa kwenye diski moja kinaandikwa pia kwenye nyingine. Kwenye RAID 5 data hukatwa vipande na kutawanywa katika diski zote, kwa hiyo diski moja peke yake haikufai kitu. Kwenye RAID 1, diski moja nzima ina kila kitu. Ukiitoa, ukaipeleka kwenye kompyuta nyingine kabisa, faili zako zimo humo kuanzia la kwanza hadi la mwisho.

Kinachowachanganya wengi ni kwamba diski hizi ndizo pia zinazowasha mfumo. Mashine ikileta kioo cheusi chenye ujumbe kwamba hakuna kifaa cha kuwashia, watu huhitimisha kuwa data imekwenda. Sivyo. Huenda kilichokufa ni pawa saplai au mazabodi, na diski hazina kasoro yoyote. Na hata kama kweli diski ya kwanza imekufa, kuna jambo moja ambalo wasakinishaji wengi hulisahau: GRUB, programu inayoanzisha mfumo, mara nyingi huwekwa kwenye diski ya kwanza peke yake, na kwenye mashine za UEFI ile patisheni ndogo ya kuwashia kwa kawaida haimo ndani ya pacha. Diski ya pili inabaki na mfumo mzima na faili zote, lakini haina kile kipande kidogo cha mwanzo. Haiwaki, lakini imejaa.

Basi zima mashine na uchomoe waya wa umeme. Kabla hujagusa kebo yoyote, piga picha kwa simu zionekane bandari ambazo kila diski ilichomekwa. Bandika lebo: A, B. Andika pia namba za utambulisho (serial number) zilizochapishwa kwenye diski zenyewe, kwa sababu majina ya /dev/sda na /dev/sdb hubadilika kutoka mashine hadi mashine, na saa nane za usiku ni rahisi sana kunakili upande usio wake. Ukisikia diski inagonga "tik, tik, tik" kwa mpigo uleule, usiiwashe tena kabisa. Hiyo ni kazi ya maabara yenye chumba kisicho na vumbi. Habari za kuweka diski kwenye friji au kuifungua mezani zisikushawishi. Anayeifungua pale dukani anaimaliza.

Baada ya hapo kanuni ni moja, nami naisisitiza kuliko mengine yote: hakuna kuandika chochote kwenye diski hizo mpaka data iwe mahali pengine. Watu hudhani kuwasha mfumo "kuangalia tu" hakuna madhara. Kuna madhara. Mfumo ukiwaka huandika kumbukumbu zake, hufunga hesabu za daftari la mabadiliko la mfumo wa faili, husafisha folda za muda, na kwenye SSD huweza kutuma amri ya TRIM inayofuta kabisa nafasi za faili zilizokwisha kufutwa. Kubwa kuliko yote, ukiwasha mashine ikiwa na diski zote mbili, mdadm yaweza kuanza kuzilinganisha upya, yaani kunakili diski moja juu ya nyingine. Ikinakili kwa upande mbaya, umepoteza.

Upande mbaya unatokeaje? Chukua mfano wa zahanati. Mwezi wa tatu kebo ya diski B ililegea, mdadm ikaitoa kwenye pacha na kuendelea na diski A peke yake. Barua pepe ya onyo ilikwenda kwa root, sanduku ambalo hakuna mtu analifungua. Seva iliendelea vizuri miezi saba ikiwa na diski moja. Mwezi wa kumi, A inaanza kusumbua na mashine inazimika. Fundi anazijaribu diski zote mbili. B inasomeka haraka, kimya, safi kabisa, kwa sababu imepumzika tangu Machi. Anaiwasha, mfumo unafunguka, kila mtu anashangilia, na wauguzi wanaanza kusajili wagonjwa juu ya data ya miezi saba iliyopita. Sasa kuna historia mbili zisizopatana, na ile yenye matibabu ya miezi saba iko kwenye diski inayokufa.

Kwa hiyo kabla ya kuamini diski yoyote, iulize umri wake. Tafuta kompyuta nyingine, iwashe kwa flashi ya Linux ya uokoaji kama SystemRescue, kisha chomeka diski moja tu kwa wakati. Baadhi ya mifumo huunganisha pacha yenyewe bila kukuuliza, basi tazama kwanza kwa cat /proc/mdstat. Ukikuta md127 imejitokeza, isimamishe kwa mdadm --stop /dev/md127. Halafu fungia diski isiandikwe na usome kichwa chake:

blockdev --setro /dev/sdb
mdadm --examine /dev/sdb2

Itashuka orodha ndefu. Macho yako yaende kwenye mistari michache tu. Array UUID lazima ifanane kwenye A na B; isipofanana, hizo si pacha. Update Time ni tarehe ya mwisho diski hiyo kuandikiwa kama sehemu ya pacha. Events ni hesabu inayopanda kila hali ya pacha inapobadilika: yenye namba kubwa ndiyo mpya. Na Array State huonyesha kila diski ilivyokuwa ikimwona mwenzake. Hapa kuna jambo ambalo hupotosha wengi. Diski iliyobaki kazini itaonyesha A na nukta, kwamba mwenzake hayupo. Diski iliyotolewa itaonyesha AA, kana kwamba mambo ni shwari, kwa sababu haijui kwamba ilitolewa. Hakuna aliyeiandikia habari hiyo. Ukiona AA yenye tarehe ya zamani, hiyo ndiyo diski ya Machi. Zinakili namba hizi za diski zote mbili kwenye karatasi kabla ya kuendelea. Kama Events zinalingana, umebahatika: unazo nakala mbili za siku ileile.

Angalia pia afya kwa smartctl -a /dev/sdb. Current_Pending_Sector ikiwa zaidi ya sifuri, kuna sekta ambazo diski imeshindwa kuzisoma, na muda wako nayo unahesabika. Usianze kufungua folda na kuchagua faili. Kwanza nakili diski yote, sekta kwa sekta, kwenye diski nyingine yenye nafasi ya kutosha. GNU ddrescue imetengenezwa kwa kazi hii hii:

ddrescue -d -n /dev/sdb /mnt/nakala/b.img /mnt/nakala/b.map

Kinachosomwa huja kwanza, kinachoandikiwa hufuata. Soma mstari huo mara mbili na ulinganishe na namba ya utambulisho uliyoiandika kabla ya kubonyeza Enter, kwa sababu ukigeuza utaandika juu ya ile unayotaka kuiokoa. Alama ya -n inaiambia programu ichukue kwanza yaliyo mepesi na kuruka sehemu mbovu bila kuzing'ang'ania. Hiyo ni busara kubwa: diski inayokufa isiulizwe swali gumu kabla haijatoa majibu rahisi. Awamu ya pili unarudia amri ileile ukiweka -r3 badala ya -n, nayo itarudi kwenye mashimo peke yake. Faili lile la b.map ndilo linalokumbuka imefika wapi; umeme ukikatika katikati, unaanza palepale ilipoishia. Diski ya terabaiti 1 yenye afya, ikisomwa kwa megabaiti 100 kwa sekunde, huchukua karibu saa 3. Iliyoumia inaweza kuchukua siku kadhaa, na hapo UPS ni ya lazima.

Pacha huonyesha thamani yake kamili pale ambapo diski zote mbili zina sekta mbovu. Ni nadra zikaharibika sehemu zilezile. Kama Events zinalingana, na patisheni zina ukubwa na Data Offset ileile, fanya kazi hiyo kwa patisheni badala ya diski nzima: nakili patisheni ya A kwanza, kisha endesha ddrescue ukiisoma patisheni hiyohiyo ya B, lakini ukielekeza kwenye nakala ileile na faili lilelile la map. Itajaza mashimo tu. Nimeona nakala yenye mamia ya sekta zilizokosekana ikifika ukamilifu kwa njia hii, na ningependa kila fundi aijue.

Tahadhari moja ndogo ya vifaa: makasha ya USB. Mengine huitangaza diski kuwa na sekta za baiti 4096 wakati ndani ya seva ilionekana yenye sekta za 512, na matokeo yake jedwali la patisheni linaonekana tupu. Usikubali kuunda jedwali jipya. Ichomeke diski moja kwa moja kwenye bandari ya SATA, patisheni zitarudi.

Sasa uko na nakala, na unaweza kupumua. Ifungue bila ruhusa ya kuandika:

losetup -r -P -f --show /mnt/nakala/b.img
mdadm --assemble --readonly --run /dev/md127 /dev/loop0p2
mount -o ro,noload /dev/md127 /mnt/zamani

Neno --run linaikubalisha mdadm kuendelea na diski moja tu. Neno noload linauzuia mfumo wa ext4 kucheza upya daftari lake la mabadiliko. Kwa XFS neno lake ni norecovery. Ukijaribu kufungua patisheni moja kwa moja bila mdadm, utaambiwa kwamba aina ya linux_raid_member haijulikani. Ujumbe huo umewafanya watu wengi wafomati diski nzima isiyo na kosa. Maana yake ni kwamba mbele ya data yako kuna nafasi iliyotengwa kwa kichwa cha pacha. Kwenye toleo la 1.2, ambalo ndilo la kawaida siku hizi, kichwa kinakaa kilobaiti 4 kutoka mwanzo, na data inaanza pale panapotajwa na Data Offset. Mdadm ikikataa kabisa, unaweza kuipita pembeni. Tuseme Data Offset ni sekta 2048. Zidisha kwa 512, unapata baiti 1,048,576:

mount -o ro,noload,loop,offset=1048576 /dev/loop0p2 /mnt/zamani

Kwenye matoleo ya 0.90 na 1.0 kichwa kiko mwishoni, kwa hiyo data inaanzia mwanzo wa patisheni na hakuna cha kuruka. Na kama ndani yake kuna LVM, amri ya vgchange -ay itakuletea sehemu zake. Kama kompyuta unayotumia nayo ina kundi la LVM lenye jina lilelile, majina yatagongana. Ndiyo maana flashi ya uokoaji ni bora kuliko kompyuta ya ofisi.

Kuna amri mbili ambazo utashauriwa na watu wenye nia njema, nami nakuomba usiziguse. Ya kwanza ni mdadm --create. Hiyo huandika kichwa kipya, pengine chenye Data Offset tofauti na ya zamani, kisha huanza kulinganisha diski. Ya pili ni fsck juu ya diski halisi. Fsck hurekebisha mfumo wa faili, na kurekebisha ni kuandika; mara nyingine "kurekebisha" ni kuondoa kisichoeleweka. Ukihitaji kuiendesha, tengeneza nakala ya nakala, uiendeshe hapo.

Nakala hiyo ya pili ina faida nyingine. Unapofungua kwa noload, mabadiliko ya dakika za mwisho kabla ya mashine kuzimika hayaonekani. Kwa barua na picha si neno. Kwa hifadhidata ni jambo zito. Kwa hiyo data ya MariaDB au PostgreSQL ichukue kutoka kwenye nakala inayoruhusu kuandikwa, baada ya kuacha mfumo wa faili ucheze daftari lake. Kwa MariaDB, chukua folda yote ya /var/lib/mysql, pamoja na ibdata1 na faili za kumbukumbu za InnoDB. Anayebeba faili za .ibd peke yake hubeba vyumba bila funguo. PostgreSQL inahitaji toleo kuu lilelile lililokuwa kwenye seva ya zamani, basi angalia namba hiyo kabla ya kusakinisha. Ukishaiwasha hifadhidata kwenye mashine mpya, itoe yote kwa mysqldump au pg_dump, na hilo faili ndilo la kulitunza. Kwa vitu vingine tumia rsync -aHAX --numeric-ids ili ruhusa na umiliki visipotee. Wengi huchukua /home na kuondoka. Kumbuka /etc, kumbuka /srv na /var/www, na kazi za ratiba zilizo ndani ya /var/spool/cron.

Upande wa Windows una mitego yake. Diski za pacha zilizoundwa na Windows yenyewe, zikichomekwa kwenye kompyuta nyingine, huonekana kama diski ngeni, na kuziingiza ni kuziandikia, basi fanya hivyo kwenye nakala. Zilizoundwa na kontrola ya Intel iliyo kwenye mazabodi huweka kichwa chao mwishoni mwa diski, na kwa kawaida diski moja ya RAID 1 ya namna hiyo husomeka kwenye mashine nyingine kama diski ya kawaida. Kinachoua data ni kubofya kwa haraka: dirisha linalouliza kama uanzishe diski, au menyu ya kontrola inayotoa nafasi ya kuunda pacha upya. Jibu ni hapana, kila mara. Kama BitLocker imewashwa, ufunguo wa kawaida ulikuwa umefungwa kwa chipu ya TPM, na mazabodi ikifa chipu hiyo hufa nayo. Utahitaji ule ufunguo wa akiba wenye tarakimu 48. Utafute kwenye akaunti ya Microsoft ya aliyeisakinisha au kwenye makaratasi ya ofisi kabla ya kutumia pesa mahali pengine popote, kwa maana bila huo hakuna fundi atakayekusaidia.

Na ukiamua kumpa fundi wa nje, kumbuka kilichomo. Majina ya wagonjwa, mikopo ya wanachama, alama za wanafunzi: Kenya ina sheria ya ulinzi wa data tangu 2019, Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Andikiana naye karatasi, diski ipokelewe kwa namba yake ya utambulisho, na mkubaliane nakala zake zitafutwa lini. Fundi mzuri hatakasirika.

Nakala ikipatikana, watu hutaka kurudia mpangilio uleule na kusahau. Pacha hailindi dhidi ya kufuta kwa bahati mbaya, wala virusi vinavyofunga faili, wala radi, kwa sababu kila kinachoipata diski moja kinaifikia nyingine papo hapo. Hata uzee huja pamoja. Mwaka 2019 kampuni ya Hewlett Packard Enterprise ilitangaza kwamba baadhi ya SSD zake zilikuwa na kasoro ya programu ya ndani iliyozifanya zife zikitimiza saa 32,768 za kuwaka. Diski mbili zilizowashwa siku moja ndani ya seva moja zingekufa saa moja. Nunua pacha za viwanda tofauti, au angalau za tarehe tofauti, na uwe na nakala rudufu iliyo nje ya jengo.

Diski za zamani zifunge, ziweke lebo, zisifutwe mpaka mhasibu mwenyewe afunge hesabu za mwezi kwenye mashine mpya na kila idara ifungue faili zake kwa mikono yake. Kwenye seva mpya, sakinisha GRUB kwenye diski zote mbili. Kwa UEFI nakili patisheni ya kuwashia kwenye diski ya pili na uiongeze kwa efibootmgr. Kisha izime, chomoa diski ya kwanza, iwashe. Ikiwaka, irudishe diski, iongeze tena kwenye pacha na usubiri imalize kulingana. Mwisho weka anwani ya mtu aliye hai kwenye mstari wa MAILADDR ndani ya mdadm.conf, na uijaribu:

mdadm --monitor --scan --oneshot --test

Barua ya majaribio isipoingia kwenye simu ya mtu huyo ndani ya dakika chache, tengeneza hilo kabla hujaikabidhi seva.